Kufundisha Hesabu za Ukinzani na Nguvu ya Umeme

Utangulizi

Miongoni mwa mada za sayansi ambazo wanachuo hupenda kuzikwepa waendapo mazoezi ya kufundisha, mada ya umeme huwa ya mbele. Sababu si uhaba wa vifaa peke yake. Mara nyingi mwanachuo anazikumbuka vizuri kanuni mbili alizokariri shuleni: kwamba ukinzani ni volteji ikigawanywa kwa mkondo, na kwamba nguvu ni volteji ikizidishwa kwa mkondo. Lakini mtoto wa darasa la sita akimwuliza, “Mwalimu, kwa nini pasi inapata moto na waya wake haupati, ilhali umeme ni ule ule?” kanuni hizo humkimbia. Hapo ndipo mwalimu hulijibu swali kwa kusema, “Tutaliona baadaye,” na hiyo baadaye haifiki.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mtarajiwa namna ya kuzielewa kanuni hizo kiasi cha kulijibu swali kama hilo, na namna ya kuzifikisha darasani kwa vifaa vichache. Si lazima kila jambo lililomo humu lifundishwe kwa watoto wa shule ya msingi. Hata hivyo, mwalimu anayejua kile tu kilichomo kitabuni hana akiba ya kumsaidia mtoto anayeuliza, na katika umeme akiba hiyo yaweza kuzuia nyumba isiungue.

Maneno kabla ya hesabu

Kosa la kwanza katika somo hili hutokana na lugha tunayoitumia kila siku. Taa zikififia jioni husema “umeme ni mdogo.” Tochi ikizimika husema “betri imekwisha nguvu.” Mtu akishika waya uliochunika husema “umeme una nguvu sana.” Katika semi hizo tatu, maneno “umeme” na “nguvu” yamebeba maana tofauti, wala msemaji hana kosa, kwa maana anaeleweka. Lakini darasani kila neno lapaswa kupewa kazi yake moja kabla ya tarakimu yoyote kuandikwa ubaoni.

Mfano wa wachukuzi wa magunia husaidia. Wachukuzi wanatoka ghalani na magunia, wanafika kinuni, wanatua mizigo, kisha wanarudi mikono mitupu ghalani kuchukua mingine. Njia yao ni mduara usiokatika.

Mkondo ni idadi ya wachukuzi wanaopita mahali fulani kwa muda fulani. Hupimwa kwa ampea.

Volteji ni uzito wa mzigo anaoutua kila mchukuzi. Hupimwa kwa volti.

Ukinzani ni ugumu wa njia, na hupimwa kwa omu. Mizigo ikiwa ile ile, njia ikiwa ngumu zaidi wapitao huwa wachache.

Nguvu ni jumla ya mzigo unaotuliwa kinuni kwa kila sekunde. Hupimwa kwa wati.

Mfano huu una manufaa mawili. Kwanza, unaonyesha kwa nini nguvu hupatikana kwa kuzidisha: uzito wa kila mzigo mara idadi ya wachukuzi kwa sekunde ni jumla ya mzigo kwa sekunde. Pili, unaondoa dhana iliyoenea mno kwamba balbu “hula” mkondo, na kwamba mkondo urudio kwenye betri ni mdogo kuliko ule uliotoka. Wachukuzi hawaliwi, mizigo ndiyo inayotuliwa. Ukiweka ammita kabla ya balbu, kisha ukaihamishia baada ya balbu, itasoma vile vile. Waache watoto watabiri kwanza, kisha wapime.

Lakini mfano ni mfano. Wachukuzi huweza kusimama njiani, ilhali waya ukikatwa mahali popote mkondo wote husimama mara moja. Mwalimu aliseme hilo wazi, asiungoje ubishi.

Kanuni mbili na mtu aliyeanza

Tukiandika V kwa volteji, I kwa mkondo, R kwa ukinzani na P kwa nguvu, tunapata:

R = V ÷ I
P = V × I

Jina la kipimo cha ukinzani latokana na Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1789, mtoto wa fundi vitasa. Yafaa wanachuo wajue kwamba Ohm alifanya uchunguzi wake mkubwa akiwa mwalimu wa sekondari mjini Köln. Betri za siku zile hazikutulia. Mkondo ulibadilika hata kabla ya kipimo kukamilika. Ndipo akaacha betri, akatumia viungo vya metali mbili tofauti, upande mmoja ukiwa katika maji yachemkayo na mwingine katika barafu, ili apate volteji isiyoyumba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827 na hakikupokewa vizuri kwao. Heshima kubwa ilimfikia mwaka 1841, aliponishaniwa na Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London.

Historia hii ina funzo la kazi kwetu. Betri chakavu haitoi volti 1.5 iliyoandikwa juu yake, na hushuka zaidi inapotoa mkondo. Kwa hiyo tusihesabu betri na kuandika volti. Tupime volteji kwenye ncha za kifaa chenyewe wakati mkondo unapita.

Kipimo cha kwanza: waya

Vifaa vinavyotakiwa ni betri tatu za tochi, nyaya za kuunganishia, swichi, mita moja au mbili, na kipande cha waya mwembamba wa nikromu. Waya huo hupatikana katika koili ya jiko la umeme lililoharibika. Mafundi wengi wataugawa bila malipo.

Ammita huunganishwa katika mfuatano, ili mkondo upite ndani yake. Voltimita huunganishwa sambamba na waya unaopimwa. Ammita kamwe isiunganishwe moja kwa moja kwenye ncha za betri, kwa kuwa ukinzani wake ni mdogo mno na itaungua au itakata fyuzi yake. Swichi ifungwe kwa muda wa kusoma tu, kisha ifunguliwe, ili waya usipate moto na betri zisichoke.

Tuseme kikundi kimoja kimepata vipimo hivi:

Betri 1: volti 1.4, ampea 0.14
Betri 2: volti 2.8, ampea 0.29
Betri 3: volti 4.1, ampea 0.41

Kabla ya kutaja kanuni yoyote, waulize wanafunzi wanaona nini. Watasema volteji ikiongezeka maradufu, mkondo nao huongezeka karibu maradufu. Sasa wagawanye: 1.4 ÷ 0.14 ni 10, 2.8 ÷ 0.29 ni 9.7, 4.1 ÷ 0.41 ni 10. Wapo watakaotaka kuifuta 9.7 na kuandika 10 ili ipendeze. Wasiruhusiwe. Jibu la kweli la kikundi hiki ni kwamba ukinzani wa waya ni omu 10 hivi, na kwamba mita zetu na macho yetu hayawezi kutupatia usahihi zaidi ya huo.

Kisha wazidishe: 1.4 × 0.14 ni wati 0.20, 2.8 × 0.29 ni wati 0.81, 4.1 × 0.41 ni wati 1.68. Hapa pana jambo la kushangaza ambalo wengi hulipita. Betri mbili badala ya moja zimeleta nguvu mara nne, wala si mara mbili. Sababu ni kwamba volteji ilipoongezeka maradufu, mkondo nao uliongezeka maradufu, na mbili mara mbili ni nne. Mwanafunzi akiligusa jambo hili kwa vidole, maana waya huwa na joto zaidi, hatalisahau.

Kipimo cha pili: balbu ya tochi

Sasa ondoa waya, weka balbu ya tochi, au glopu kama wengi tuitavyo, iliyoandikwa 2.5V 0.3A. Iwe balbu ya zamani yenye uzi ndani, si ya LED. Vipimo vitakaribia hivi:

Betri 1: volti 1.4, ampea 0.22, hivyo ukinzani ni omu 6.4
Betri 2: volti 2.5, ampea 0.30, hivyo ukinzani ni omu 8.3

Ukinzani umebadilika. Je, kanuni imevunjika? Mwanachuo aliyekariri huogopa hapa, na huficha matokeo. Jibu ni kwamba tumechanganya mambo mawili. Kugawanya volteji kwa mkondo hutupatia ukinzani wa kifaa chochote, katika hali ile ile tulipokipima. Hilo halivunjiki. Alichokigundua Ohm ni jambo jingine: kwamba kwa waya wa metali, joto lisipobadilika, ukinzani hubaki ule ule hata volteji ikibadilika. Uzi wa balbu hupata joto jingi sana unapowaka, na metali ikipata joto ukinzani wake huongezeka. Waya wetu wa nikromu haukubadilika sana kwa sababu nikromu huathiriwa kidogo tu na joto, ndiyo maana hutengenezewa koili za majiko.

Jambo hili lina matokeo makubwa katika hesabu. Balbu ya uzi ya wati 60 kwa volti 230 hupitisha ampea 60 ÷ 230, yaani 0.26, na ukinzani wake ikiwaka ni omu 880 hivi. Lakini ukiipima kwa mita ikiwa baridi utapata omu 65 au karibu na hapo. Atakayetumia omu 65 kutafuta nguvu atapata wati zaidi ya 800, jibu ambalo kila aliyewahi kununua balbu ataona si la kweli. Ndiyo maana katika kutafuta ukinzani wa kifaa kinachofanya kazi, tunapima volteji na mkondo kikiwa kinafanya kazi.

Swali la pasi na waya wake

Sasa turudi kwa yule mtoto. Pasi ya wati 1000 kwa volti 230 hupitisha mkondo wa 1000 ÷ 230, yaani ampea 4.35. Ukinzani wa koili yake ni 230 ÷ 4.35, karibu omu 53. Mkondo huo huo wa ampea 4.35 unapita katika waya wa pasi. Mtoto amesema kweli kwamba umeme ni ule ule.

Lakini volteji iliyopo kwenye ncha za waya si 230. Kwa kuwa V = I × R, tunaweza kuiandika kanuni ya nguvu hivi:

P = I × I × R

Waya wa pasi wenye urefu wa mita 2 una nyuzi mbili za shaba, kwenda na kurudi, yaani mita 4. Shaba yenye unene wa milimita za mraba 0.75 ina ukinzani wa omu 0.023 kwa kila mita. Jumla ni omu 0.09. Joto katika waya wote ni 4.35 × 4.35 × 0.09, yaani wati 1.7. Joto katika pasi ni wati 1000. Mkondo ni mmoja, bali ukinzani wa koili unazidi ule wa waya karibu mara 600, na joto nalo kadhalika. Hilo ndilo jibu. Kwa watoto litamkwe kwa maneno: wachukuzi wale wale wanapita njia nyeupe, kisha njia ya mawe, mzigo wao karibu wote wanautua kwenye njia ya mawe.

Balbu mbili zinazobishana

Wapo wanafunzi watakaohitimisha hapo kwamba ukinzani mkubwa daima huleta joto jingi. Si kweli. Jiko la wati 2000 kwa volti 230 lina ukinzani wa omu 26 tu, nusu ya ule wa pasi, nalo hutoa joto maradufu. Hapa tunatumia umbo la tatu la kanuni:

P = V × V ÷ R

Mwanafunzi hudhani maumbo haya yanapingana: moja linasema ukinzani ukikua nguvu inakua, jingine linasema inapungua. Yote mawili ni kweli, ila kila moja lina mahali pake. Vifaa vikiwa katika mfuatano mkondo ni mmoja, basi chenye ukinzani mkubwa hupata nguvu zaidi. Vifaa vikiwa sambamba, kama vilivyo nyumbani, volteji ni moja, basi chenye ukinzani mdogo hupata nguvu zaidi.

Lionyeshe kwa balbu mbili za tochi, moja ya 2.5V 0.3A na nyingine ya 2.5V 0.2A. Ya kwanza ina omu 8.3 na wati 0.75, ya pili ina omu 12.5 na wati 0.5. Ziunganishe sambamba kwa betri mbili: ya kwanza itawaka zaidi. Kisha ziunganishe katika mfuatano kwa betri tatu: ya pili itawaka zaidi, na ya kwanza itafifia. Kabla ya kufunga swichi, kila mwanafunzi aandike utabiri wake na sababu. Mabishano yatakayofuata ndiyo somo lenyewe. Mwalimu asiyakatize upesi.

Makosa ya kuangaliwa katika madaftari

Kosa linaloonekana mara nyingi ni la vipimo. Mita husoma miliampea 290, mwanafunzi akagawanya 2.8 kwa 290 na kupata omu 0.0097. Hesabu ya kugawanya ni sahihi, jibu ni bure. Miliampea 1000 ni ampea 1. Lazima zigeuzwe kwanza.

La pili ni kutegemea pembetatu yenye herufi tatu, ambamo herufi moja hufunikwa kwa kidole ili kanuni ionekane. Humpa mwanafunzi jibu bila kumpa maana, na akiisahau pembetatu amesahau yote. Itolewe, kama ni lazima, baada ya ufahamu.

La tatu ni kuchanganya nguvu na nishati. Wati ni kasi ya kutumia. Yuniti tunayoinunua ni kilowati-saa, yaani wati 1000 kwa muda wa saa moja. Pasi yetu ikiwaka mfululizo nusu saa hutumia nusu yuniti.

La nne ni kutumia hesabu hizi mahali pasipofaa. Taa ya LED ya nyumbani, feni, jokofu na redio si waya wa kupata joto tu, na katika umeme wa nyumbani volteji mara mkondo yaweza kuzidi wati zilizoandikwa juu ya kifaa. Mifano ya darasani itokane na pasi, jiko, birika na balbu za uzi.

Hesabu na usalama

Chukua jambo lionekanalo katika nyumba nyingi. Mtu ana waya wa kuongezea wa mita 20, mwembamba, wenye unene wa milimita za mraba 0.5. Kwenda na kurudi ni mita 40, na ukinzani wake ni omu 1.4 hivi. Anauchomekea jiko la wati 2000 lenye omu 26.5. Jumla ya ukinzani ni omu 27.9, mkondo ni 230 ÷ 27.9, yaani ampea 8.2, na joto katika waya ni 8.2 × 8.2 × 1.4, yaani wati 94. Waya ukiwa umenyooshwa, joto hilo hutawanyika. Ukiwa umeviringishwa na kufunikwa na zulia, ni kama kuweka pasi ndogo chini ya zulia na kuondoka. Plastiki hulainika, nyuzi hugusana, na moto huanza.

Fyuzi nayo haina fumbo. Ni waya mwembamba uliowekwa makusudi uungue kabla ya nyaya za nyumba. Fyuzi ya ampea 5 huruhusu 5 × 230, yaani wati 1150 hivi: pasi itafanya kazi, jiko halitafanya. Mtu anayeifunga kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya wa kawaida ameondoa mahali dhaifu pa makusudi, na mahali dhaifu patakapofuata patakuwa ndani ya ukuta au juu ya dari. Watoto huona jambo hili likifanywa nyumbani. Mwalimu asiwatume kumsuta baba. Awafundishe hesabu, nao waipeleke nyumbani kwa adabu.

Majaribio yote ya darasani yafanywe kwa betri za tochi tu. Umeme wa ukutani usiguswe na mwanafunzi wala mwanachuo kwa ajili ya kupima.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Birika limeandikwa 230V 1500W. Tafuta mkondo na ukinzani wake likiwa linachemsha. Je, fyuzi ya ampea 5 itafaa?

2. Taa ya gari ya uzi imeandikwa 12V 55W. Tafuta mkondo wake, kisha eleza kwa nini nyaya za taa hiyo ni nene kuliko za balbu ya nyumbani ya wati 60, ingawa wati ni karibu sawa.

3. Waya wa nikromu wa omu 10 umekatwa katikati, na nusu moja ikaunganishwa kwenye volteji ile ile. Nguvu itaongezeka au itapungua, na kwa kiasi gani? Andika jibu utakalompa mtoto wa darasa la sita bila kutumia herufi yoyote ya kanuni.

4. Andaa somo la dakika 40 juu ya balbu mbili za tochi. Katika azimio lako onyesha maswali ya utabiri, na makosa mawili unayotarajia kuyakuta.

Majibu: (1) ampea 6.5, omu 35, haitafaa. (2) ampea 4.6, ya nyumbani ni ampea 0.26 tu, na joto la waya hutokana na mkondo kuzidishwa kwa mkondo. (3) ukinzani ni omu 5, nguvu itaongezeka maradufu. Swali la nne lijadiliwe na mkufunzi wako kabla ya kwenda mazoezi, na betri zipimwe siku moja kabla ya somo.